Karatasi ya Namba Kumi na Saba

Nantepeta, Likunja,
Ruangwa.
19 Mei 2003

Mtani wangu Mwalimu Scola,

Bwana wako anakusalimu. Sura yangu lazima unaikumbuka, maana kofia yangu unayo wewe. Uliichukua msibani kwa marehemu mzee Bonifasi, watu wote wanaona, na mimi kwa kuwa najua mila sikununa. Mngoni akimnyang'anya Mmwera kofia msibani, Mmwera anacheka. Ila jua la huku halijui utani, na kipara changu kinakusalimu pia.

Siku ile uliniuliza mbele za watu, mwenyekiti wa kamati ya shule aliyeishia darasa la tano anaipeleka shule wapi. Nikakujibu kwamba mimi nimefika Beira, Lilongwe na Tunduma nikiwa utingo wa lori la tani kumi, na kwamba mtu aliyelala chini ya lori mpakani siku nne hashindwi na shule isiyo hata na matairi. Walicheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Basi niletee karatasi za watoto wako nizisahihishe mimi, tuone."

Nimefikiri siku tisa. Mtani, mwaka jana mtihani wa darasa la nne walifanya watoto thelathini na tisa, wakafaulu sita. Mwezi wa pili akaja bwana mmoja wa elimu na pikipiki, helmeti hakuvua, akasema Novemba hii nusu wasipofaulu, darasa la tano, la sita na la saba yanahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Ni kilomita kumi na moja, na mto ule ukijaa hata nyani wanabaki upande wao. Watoto wetu watakaa nyumbani walinde mbaazi mpaka waolewe. Mimi nikasimama mbele ya kijiji kizima nikamwambia, "Andika jina langu. Nusu ni ndogo."

Jina akaliandika.

Kwa hiyo tufanye ulivyosema: walimu wako wasahihishe za kwetu, wa kwetu wasahihishe za kwako, namba tu bila majina, ili asiwepo wa kumpendelea mtoto wake. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Gwakisa, mtu wa Tukuyu anayeongea kama amepimiwa maneno kwa kijiko, amekubali. Mwalimu Dunstan wa darasa la nne naye amekubali, shingo upande. Bahasha zote zitapitia kwangu kwa sababu basi linasimama mbele ya gereji yangu ya baiskeli. Dastani kondakta atakukabidhi hizi mkononi. Ni karatasi arobaini na nne.

Mmoja kati ya hao ni binti yangu Laurencia. Namba yake hata mimi sijauliza, sitaki upendeleo. Utamtambua mwenyewe kwa mwandiko. Daftari lake limetundikwa ofisini kwa walimu, wageni wanaonyeshwa.

Mimi nisiye na kofia,
Kipriani Nalinga
Mwenyekiti, Kamati ya Shule


Mtua, Nachingwea.
7 Juni 2003

Mtumwa wangu Kipriani,

Kofia yako nimemvalisha sanamu wa kutishia ndege shambani kwangu, na tangu siku hiyo hata kunguru wanapita mbali. Ina sura ya mwenyewe.

Karatasi zimefika zote. Kondakta Dastani alizikalia kutoka Ruangwa, kwa hiyo zilifika zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nimesahihisha na wenzangu wawili. Mlivyokimbia mapangoni babu zetu walipokuja na ngao zao, kumbe vitabu mliviacha nje, maana hali ya watoto wako ni hii: wanaosoma na kuelewa ni wanane. Wanaobahatisha ni tisa. Ishirini na saba hawasomi kabisa, wananakili tu. Swali likiuliza "Kuku wa Bi Eva walikula nini?" mtoto anaandika kwenye nafasi ya jibu, "Kuku wa Bi Eva walikula nini?" na mstari wa chini anaendelea hivyo hivyo. Hesabu lakini wanajua, thelathini na watano wamepita. Hapo nilishangaa, nikadhani zimechanganyika na za Wangoni.

Mpe Mwalimu Gwakisa barua hii, anijibu tuanzie wapi. Nangoja na matokeo ya wanangu kutoka kwenu.

Bibi yako,
Scholastika Komba
Mwalimu wa Taaluma


Nantepeta.
16 Juni 2003

Mtani Scola,

Unajua kutukana wewe. Barua yako nimeisoma pale gereji mbele ya vijana na wazee, na nilipofika kwenye kuku wa Bi Eva, mzee Isihaka alianguka kutoka kwenye benchi. Ishirini na saba wananakili. Hata mimi niliyezunguka nchi nne sijasikia mtani akikejeli kwa hesabu kamili namna hiyo. Wengine wanasema tu "Wamwera hamna akili," wakamaliza. Wewe umetugawa mafungu.

Na mimi nakulipa: nasikia watoto wako waliambiwa waandike majina yao wakaandika jina la mwalimu, kwa sababu ndilo pekee wanaloliogopa.

Sasa tukiacha mchezo, utume yale matokeo ya kweli kabla shule hazijafungwa. Za kwenu walimu wetu bado wanasahihisha, nasikia ni nzuri.

Kofia irudi.

Kipriani Nalinga


MTUA, NACHINGWEA
21 Julai 2003

Ndugu Mwenyekiti,

Barua hii haina utani. Ili uamini, nimemwomba Mwalimu Mkuu wangu aigonge muhuri wa shule, na umegongwa hapo chini. Utani haugongwi muhuri.

Matokeo ya kweli ni yale niliyokuandikia tarehe 7 Juni. Wanane, tisa, ishirini na saba. Nilifikiri nikikupa kwa lugha yetu utameza vizuri. Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Lakini zimepita wiki sita, na kutoka leo mpaka mtihani zimebaki kumi na tano.

Nakutolea mfano mmoja uuelewe. Namba 17. Karatasi yake ndiyo safi kuliko zote, ukiwahesabu na wanangu. Herufi zimesimama kama zimechapwa. Amenakili maswali kumi, yote, bila kukosa hata nukta, na alama ya kuuliza ameichora vizuri kuliko mimi niliyeitunga. Hakuna jibu hata moja. Mtoto huyu hajui kusoma, na nadhani kwa miaka minne hakuna aliyegundua, kwa sababu kila aliyefungua daftari lake aliona uzuri akaweka vema.

Ninavyoona, kwenu kitabu ni kimoja kwa darasa zima. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, daftari safi linapata vema. Mmewafundisha kuchora. Simlaumu Mwalimu Dunstan peke yake. Watoto walimfikia hivyo hivyo kutoka chini.

Barua hii mpe Mwalimu Gwakisa leo. Nimekaa nikingoja jibu lake mwezi mzima na zaidi.

S. Komba


Nantepeta.
30 Julai 2003

Mwalimu,

Muhuri nimeuona. Niliugusa kwa kidole nikidhani umechorwa, wino ukanishika.

Nilikwenda ofisini nikaomba daftari la namba. Mwalimu Gwakisa akanipa bila kuuliza. Namba 17 ni Laurencia.

Nikarudi gereji. Alipotoka shule nikampa kipande cha gazeti kilichofungiwa spea, nikamwambia, "Soma hapa mama." Akachukua kalamu. Mimi nasema soma, yeye ananyoosha karatasi ili anakili. Nikamwambia basi, inatosha, nenda ukale. Aliniuliza, "Baba, sijaandika vizuri?"

Sasa nikwambie mengine, maana nikiyaacha yatanizidi.

Ile barua yako ya kwanza sikumpa Gwakisa. Niliisoma gereji, unajua mwenyewe. Vijana waliipenda. Shule ziliporudi kutoka likizo, wakawa wanamwita Mwalimu Dunstan "Mwalimu Nakili". Anapita na baiskeli, mmoja anauliza, "Kuku wa Bi Eva walikula nini?" wengine wote wanarudia swali lile lile. Jumatatu alisikia watoto wake wa darasa la nne wakifanya hivyo. Akaweka chaki mezani, akaenda nyumbani, na mpaka leo hajarudi. Ameomba uhamisho. Mimi niliyelichekesha kijiji ndiye niliyemfukuza mwalimu wa darasa la mtihani.

La pili ni baya zaidi. Karatasi za watoto wako zilisahihishwa zamani. Mwalimu Gwakisa aliniletea bahasha yako tarehe 10 Juni nimpe kondakta Dastani. Ilikuwa haijafungwa vizuri, nikachungulia. Za kusoma walifanya vizuri, arobaini kati ya hamsini na moja. Lakini hesabu za kutoa, zile za kukopa, walipata kumi na wawili tu. Nikasema huyu mama amenichekesha msibani, amevaa kofia yangu kwa furaha, nitampelekeaje habari kama hii? Nikaiweka kwenye boksi la mipira ya ndani, nikangoja zipatikane habari nzuri za kuweka pamoja nayo. Iko hapa. Nakutumia leo, inanuka solusheni ya kuzibia pancha.

Kwa hiyo habari za wanangu nilidhani utani, habari za wanao nikaziona matusi. Nimefika Beira na Lilongwe, lakini hapa kwetu nimepotea njia.

Sijui pa kuanzia. Niambie.

Kipriani


SHULE YA MSINGI NANTEPETA
4 Agosti 2003

Mwl. S. Komba,

YAH: KUSITISHA USHIRIKIANO

Rejea makubaliano yetu ya mwezi Mei. Nimepokea barua zako mbili kwa pamoja tarehe 31 Julai, moja ikiwa imechelewa wiki saba na kusikilizwa na kijiji kizima kabla yangu.

Takwimu zako ni sahihi. Nilizipima upya kwa kuwaita watoto mmoja mmoja. Sina ubishi nazo.

Lakini mwalimu wangu amedhalilishwa, na walimu wengine watatu wamesema hakuna karatasi nyingine itakayotoka shuleni hapa. Siwezi kuwalazimisha. Mwalimu hawezi kuonyesha udhaifu wa darasa lake mahali ambapo utageuzwa wimbo.

Nakushukuru kwa kazi.

E. Gwakisa
Mwalimu Mkuu


Mtua.
12 Agosti 2003

Kipriani,

Bahasha yangu imefika. Kumi na wawili kati ya hamsini na moja. Nilikaa nayo nikaona aibu, baadaye nikacheka, baadaye nikakasirika na wewe tena, kwa sababu laiti ningeijua Juni ningeshaanza kazi. Miezi miwili umeninyima jambo ninalolihitaji kwa kunionea huruma. Huruma ya namna hiyo usinipe tena.

Barua ya Mwalimu Gwakisa nayo imefika. Ana haki.

Sasa sikiliza, maana hapa narudi kwenye utani na safari hii ujue ni utani. Aibu aliyovikwa Dunstan haitavuliwa kwa kuomba radhi. Ukisimama kumwombea radhi mbele za watu, watalisikia lile jina mara ya pili. Aibu ile lazima ivaliwe na mtu mwingine, na mwenye kichwa cha kuivaa ni wewe, kofia nimeshakuvua.

Jumamosi tarehe 23 nakuja na basi la asubuhi. Waite wazazi shuleni. Mimi ni mtani wako, nitakalokufanyia huna ruhusa ya kukataa wala kununa. Utafanya ule mtihani. Karatasi ile ile ya darasa la nne, dawati la mbele, wote wanakuona. Namba yako ni 45. Na atakayesahihisha ni Dunstan, kama atakuja. Kumleta ni kazi yako.

Soma kidogo.

Scola


SHULE YA MSINGI NANTEPETA
1 Septemba 2003

Mwl. Komba,

YAH: TAARIFA YA TAREHE 23 AGOSTI NA KUENDELEA

Uliondoka na basi kabla mambo hayajaisha, kwa hiyo naandika yaliyofuata.

Mwenyekiti alipata 21 kati ya 50. Swali la kuku alijibu kwamba walikula "mtama wa jirani, na kesi iko kwa mtendaji." Halikuwa jibu lililomo katika habari. Mwalimu Dunstan alimpa sifuri, Mwenyekiti akakata rufaa, wazazi wakagawanyika. Kwenye hesabu za kutoa alikopa kumi na hakuirudisha. Mwalimu Dunstan alisema kwa sauti, "Huyu anahitaji kuanza darasa la pili." Watu walicheka sana. Mwalimu Dunstan naye alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu alipohamia hapa.

Yule mzee Isihaka aliuliza kama anaweza kupewa karatasi na yeye. Wakafuata wengine. Tulimaliza karatasi zote za akiba.

Nieleze pia jinsi Mwenyekiti alivyompata Mwalimu Dunstan, kwa kuwa yeye hatakueleza. Alikwenda kwake siku nne mfululizo. Siku tatu hakufunguliwa mlango. Siku ya nne alimkabidhi mke wa mwalimu daftari la Laurencia lililokuwa limetundikwa ofisini, akasema, "Mwambie namba kumi na saba ni wangu. Nilikuwa namcheka binti yangu bila kujua." Akaondoka. Jioni mwalimu alikuja kuniuliza kama ni kweli.

Walimu waliokataa sasa wamekubali, na kazi imeanza Jumatatu tarehe 25 kama tulivyopanga mimi na wewe siku ile. Kila siku saa moja ya mwisho watoto wa la tatu na la nne hawakai kwa madarasa, wanakaa kwa kile wanachojua. Mafungu ni matatu, Mwalimu Dunstan ameyapa majina: Ufuta kwa wanaoanza, Mbaazi kwa wanaobahatisha, Korosho kwa wanaosoma na kuelewa. Mwenyekiti ameleta spoki tatu za baiskeli na vizibo vya soda vyenye namba. Tumezifunga ukutani ofisini, mkabala na mlango. Kila Ijumaa walimu wote watano tunakaa, tunasoma na kila mtoto sentensi tano ambazo hajawahi kuziona, na kizibo chake kinahamia spoki nyingine au kinabaki. Sharti ni moja: hakuna kusema "mtoto wako." Ni "mtoto wetu namba fulani."

Jumamosi hii nakuja Mtua na kifurushi cha vijiti kwa ajili ya hesabu za kukopa. Ukipenda, niandalie darasa.

E. Gwakisa


Nantepeta.
24 Oktoba 2003

Mtani,

Umesikia kwamba Gwakisa amekuwa mtu maarufu Mtua. Anarudi kila Jumamosi ya pili ananiambia maneno hata sita. Watoto wako sasa wanakopa na kurudisha, heri wao kuliko mimi.

Huku sasa korosho zimeanza kuanguka, na kila mwaka zikianguka watoto wanaanguka nazo, wanapotelea kwenye mikorosho mpaka Desemba. Safari hii nimezunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli. Niliwaambia wazazi, mtoto wa darasa la nne akionekana anaokota korosho saa za shule, baiskeli ya baba yake ikipata pancha asije kwangu. Ni vitisho vya kishenzi, najua. Ila asubuhi ya leo darasani walikuwepo arobaini na wawili, na wawili ni malaria.

Sasa maneno niliyokuja nayo. Kutoka benchi langu la gereji, mlango wa ofisi ukiachwa wazi, naziona zile spoki. Siku za Ijumaa siwezi kuziba pancha ikazibika. Fungu la Ufuta, la wanaoanza herufi, lilikuwa na vizibo ishirini na saba vya darasa la nne. Sasa vimebaki vitano. Namba kumi na saba ni kati ya hivyo vitano. Ijumaa zote tangu Agosti hajasogea. Mwalimu Marietha, anayefundisha fungu hilo, ananiambia anakaribia, kwamba ugumu wake ni kuacha mkono utulie, kwa sababu akiona neno tu vidole vinaanza kuchora. Wanamfundisha ameshika mikono nyuma.

Nyumbani anasomea paketi za chumvi. Jana alisoma "chu". Nikangoja. Mama yake akaacha kusonga ugali, akangoja. "Mvi," akasema, akaniangalia kichwa. Sikujua kama amesoma au amenitania.

Mtihani ni tarehe 5. Msimamizi atakayekuja namjua, tuliwahi kusafiri lori moja kutoka Masasi, nilimbeba mgongoni kuvuka tope. Neno moja tu ningemwambia. Nimelipanga hilo neno kichwani siku nyingi, nimelipanga vizuri. Nakuandikia ili ulijue, kwa sababu nikishakwambia wewe sitathubutu tena.

Na ombi. Matokeo yakitoka, Mwalimu Gwakisa atakutumia kwa namba uyachambue kama mlivyozoea. Nimemwambia mimi asinitajie chochote. Habari ya namba kumi na saba uniandikie wewe. Habari mbaya mimi napokea kwa mtani tu.

Kipriani


Mtua.
19 Desemba 2003

Mtani wangu Kipriani,

Nimemaliza jana, nimehesabu mara tatu na mwenzangu mmoja akahesabu mara ya nne.

Arobaini na nne walifanya. Thelathini na watatu wamefaulu. Yule bwana wa helmeti aliandika jina lako kwa nusu. Umempa robo tatu. Mwalimu Gwakisa ameshapata barua kwamba darasa la tano, la sita na la saba yanabaki Nantepeta. Hakuna mtoto wa kuvuka mto. Wanangu nao kwenye hesabu wamepita thelathini na wanane, na vijiti vya Gwakisa sitavirudisha.

Sasa lile uliloniomba, na sina namna ya kulichekesha. Namba 17 amepungukiwa alama mbili. Atarudia darasa la nne.

Nimeomba kuona karatasi yake ya zoezi la mwisho, lile la Oktoba 31. Maswali kumi. Hakunakili hata moja. Matano amejibu kwa mwandiko mbaya sana, wa haraka, herufi zinagongana. Nimekaa nikiuangalia mwandiko ule mbaya muda mrefu. Mwambie hivyo kutoka kwangu.

Najua msimamizi hukumsemesha. Gwakisa aliniambia siku ile ulikwenda shambani alfajiri ukarudi basi la mwisho likiwa limepita.

Mwambie mwenyewe, kwa maneno haya haya, usiyapunguze.

Kofia yako ipo kwenye kifurushi hiki. Ina tundu la kunguru.

Scola


Nantepeta,
S.L.P. ya shule,
Ruangwa.
9 Januari 2004

Kwa Mwalimu Scola,

Shikamoo. Mimi ni Laurencia Kipriani. Barua hii naandika mwenyewe, sinakili. Mwalimu Dunstan amenisaidia kuandika maneno mawili tu, "vigelegele" na "ameshachinjwa."

Barua yako ilifika na kondakta Dastani. Baba alitusomea mimi na mama na bibi Dorotea. Alivaa kofia kwanza. Alisoma vizuri mpaka watoto thelathini na watatu. Halafu akasoma, Namba kumi na saba amefaulu kwa alama nyingi sana, anaingia darasa la tano. Mama akapiga vigelegele. Baba akaenda nje kukamata kuku.

Barua aliiweka juu ya kabati. Niliichukua nikaenda nayo kwenye mikorosho. Nilisoma polepole. Neno "amepungukiwa" lilinisumbua, nikalikata kama Mwalimu Marietha anavyotufundisha, a-me-pu-ngu-ki-wa. Neno "atarudia" nililisoma mara moja tu.

Nilisoma mara ya pili nione kama nimekosea. Sikukosea.

Sikusema siku hiyo kwa sababu kuku alikuwa ameshachinjwa. Nilingoja tumle.

Asubuhi nilimwambia baba nimesoma barua. Akasema barua ipi. Nikaichukua nikamsomea yote, kuanzia Mtani wangu Kipriani mpaka tundu la kunguru. Mama aliacha kufagia. Pale palipoandikwa usiyapunguze, baba alivua kofia akaishika. Nilipomaliza alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Soma tena." Alikuwa analia na anacheka. Halafu akachukua baiskeli akaenda kwa Mwalimu Dunstan bila viatu, akamwambia, "Njoo usikie." Mwalimu akaja. Nikasoma mara ya nne.

Jumatatu narudi darasa la nne. Kizibo changu Mwalimu Gwakisa amekihamisha kwenye spoki ya Korosho, peke yangu nilihamia siku ya likizo.

Nina swali moja, jibu silijui. Mtu akisoma barua akabadilisha maneno, na mwingine akaisoma kama ilivyo, anayetakiwa kurudia darasa ni yupi?

Nangoja jibu lako. Andika kwa jina langu, nitafungua mwenyewe.

Laurencia Kipriani Nalinga
Namba 17